Jinsi ya kuanzisha makumbusho ya pikipiki za zamani za Kiingereza kwa kujitolea, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini

Wadau, hii naandika kwa yeyote wa Iringa, Mafinga, Njombe, Mbeya mpaka Tukuyu mwenye wazo la kukusanya zile pikipiki za Kiingereza za zamani, BSA, Triumph, Norton, Matchless, Royal Enfield, akaziweka mahali watu wakaziona, bila mfadhili na bila mshahara, watu wa kujitolea tu. Inawezekana kabisa ila ina utaratibu wake, na neno la kwanza ninalokuomba ulishike ni hili: usianze na rangi. Wengi wakipata pikipiki ya marehemu babu wanakimbilia msasa na spreya, wiki haijaisha inang'aa kama imetoka dukani, na kila alama iliyokuwa inaonyesha ilivyotumika huku kwetu imeshafutika. Zinazong'aa zimejaa kwao Uingereza, pale karibu na Birmingham kuna National Motorcycle Museum iliyofunguliwa 1984, ina mamia ya mashine, huwezi kushindana nao kwa kung'aa. Ambacho wao hawana ni pikipiki iliyopita kwenye tope la Mufindi, ikachomelewa fremu na fundi wa Mlandege pale Iringa, ikabeba mahindi na wagonjwa, na waliofanya hayo baadhi bado wapo hai na wanaongea.

Sasa kuzitafuta. Nyingi haziko barabarani, ziko stoo za mahindi, nyuma ya magereji ya misheni, kwenye mashamba ya zamani, na nyingine ziko kwa wanunuzi wa chuma chakavu zinasubiri kukatwa. Hao wa skrepa jenga nao urafiki mapema, waachie namba yako, waambie wakiona tanki au injini yenye maandishi ya Kiingereza wakupigie kabla hawajawasha gesi, na ulipe kidogo zaidi ya bei yao ya kilo. Vijijini ukiuliza "nani ana BSA?" uwe makini, kampuni ile ilitengeneza na baiskeli, unaweza kusafiri hadi ndani ndani huko ukaonyeshwa baiskeli. Bora uulize pikipiki ya kupiga kiki iliyokuwa na tanki la namna gani, maana wazee wanakumbuka picha kuliko jina. Ukiona kwenye tanki bunduki tatu zimesimamishwa pamoja ni BSA, kampuni ilianza 1861 kama watengeneza bunduki wa Birmingham. Mzinga wa kivita ni Royal Enfield, ya mji wa Redditch. Herufi M yenye mabawa ni Matchless. Na kajogoo kwenye tanki ni BSA Bantam, pikipiki ndogo ya cc 123 iliyotoka 1948, na hii ina habari nzuri ya kuwasimulia wageni kwa sababu ramani yake waliichukua kwa Wajerumani baada ya vita, ni DKW RT 125, na ramani hiyohiyo ndiyo Yamaha waliifuata walipotengeneza pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya 1955. Mtoto wa bodaboda ukimwambia hivyo anainama kuangalia injini vizuri.

Ukifika kwa familia usianze na bei. Kamwene (salamu ya huku), shikamoo bibi, kaa, pokea utakachopewa, eleza umetoka wapi na ni mtoto wa nani. Mwenye pikipiki mara nyingi ameshafariki na aliyebaki na kumbukumbu ni mke wake, na bibi akianza "mume wangu alikuwa anaisikia ikiwa mbali akijua klachi imelegea" wewe nyamaza, omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, acha aongee. Cha kuuliza ni vitu vya kushikika: aliinunua wapi na kwa nani, petroli alikuwa anaitoa wapi, fundi wake alikuwa nani, ilibeba nini, ilisimama lini na kwa sababu gani. Hilo la mwisho lina utajiri, utasikia habari za spea kukosekana, petroli kuadimika, mtu kuhamishwa kazi, yaani historia ya nchi yote inapita kwenye pikipiki moja. Picha za ukutani piga kwa simu palepale, usiondoke na albamu ya watu hata wakikuruhusu.

Halafu karatasi, na hapa ndipo vikundi vingi vinavunjika. Amua na familia nzima kama wanatoa moja kwa moja au wanaazimisha, ni vitu viwili tofauti. Kama ni kuazima andika muda, nani anatengeneza ikiharibika, ni ruhusa kuiwasha au hapana, na wakiitaka watoe taarifa ya muda gani. Warithi wote waliopo wasaini, mwenyekiti wa mtaa au mtendaji agonge mhuri, kila upande ubaki na nakala. Msipofanya hivyo, siku pikipiki ikianza kupata jina atatokea mjukuu kutoka mjini anasema babu aliniachia mimi, na mtakuwa hamna pa kushika. Kadi ya zamani ikipatikana, hata imeliwa na panya, iweke kwenye bahasha ya karatasi, nailoni inatunza unyevu.

Kabla ya kugusa chochote, soma namba. Namba ya injini na ya fremu zimegongwa kwenye chuma, na hizo ndizo zitakuambia ni mashine gani ya mwaka gani. Usipitishe grainda wala brashi ya waya, ukifanya hivyo namba za kina kifupi zinaondoka na hazirudi. Chukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani, lainisha uchafu taratibu, ufute kwa kitambaa, halafu mulika tochi ya simu kutoka pembeni kabisa siyo kwa mbele, kivuli kinaingia kwenye herufi na zinasimama zenyewe. Ikigoma weka karatasi nyembamba juu yake usugue kwa penseli. Ukikuta WM20 umepata BSA M20 ya jeshi, cc 500, zaidi ya laki moja na elfu ishirini zilitengenezwa kwa ajili ya Vita vya Pili. Triumph za kiwanda cha Meriden zina namba kushoto chini ya silinda, 5T ni Speed Twin, T120 ni Bonneville iliyotoka 1959, na zile za kuanzia msimu wa 1969 zina herufi mbili zinazotaja mwezi na mwaka. Fremu na injini zikiwa na namba zisizoendana usisikitike, andika hivyohivyo, maana yake kuna fundi wa huku aliunganisha mbili akapata moja inayotembea, na huyo fundi mtafuteni.

Kila kitu kiingie kwenye kaunta buku, namba ya pikipiki yenu, tarehe iliyofika, ilikotoka, hali yake, na picha za pande zote. Kiraka cha bati, waya wa kufungia uzio ulioshika kipande kilicholegea, siti iliyoshonwa upya kwa gunia, hayo yote yaacheni na yaandikwe.

Usafi wenyewe ni mafuta ya taa, brashi laini, vitambaa vingi, na oili nyepesi kwenye chuma kilicho wazi ili kutu isiendelee. Breki za zamani ni za ngoma na bitana zake mara nyingi zina asbesto, kwa hiyo vumbi la ndani usilipulize na kompresa wala mdomo, futa na kitambaa kibichi na ukitupe, na watoto wakae mbali.

Spana, tafadhali sana. Pikipiki hizi hazifungwi na spana za milimita. Nyingi zinatumia mfumo wa Whitworth, wa toka 1841, ambapo namba kwenye spana inataja unene wa bolti siyo upana wa kichwa, kwa hiyo robo inchi ya Whitworth kichwa chake ni kama milimita 13.3. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza, na ikicheza inakula kona za nati ambayo ina miaka 70 na nyingine kuipata ni shughuli. Seti nzuri moja ya Whitworth inunuliwe kabla ya rangi, kabla ya bango, kabla ya kila kitu. Umeme nao usikurupuke, nyingi zina chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, kinyume na Boxer, ukiunga betri kwa mazoea unaunguza.

Injini iliyokwama usiilazimishe kwa kiki. Toa plagi, mimina mchanganyiko wa oili na dizeli kwenye silinda, iache siku kadhaa, halafu weka gia ya juu na utikise tairi la nyuma mbele na nyuma kwa upole, ikigoma rudia. Zile za piga nne (four-stroke) nyingi oili yake ipo kwenye tanki la pembeni, na ikisimama muda mrefu inashuka polepole kujaa chini kwenye injini, kwa hiyo imwageni kwanza ndipo mfikirie kuiwasha. Bantam haina shida hiyo, ni tu-stroku (piga mbili), oili inachanganywa na petroli. Kingine ni kabureta: Iringa tuko kama mita 1,600 na Mbeya kama 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 hadi 20 kuliko Dar, ukiseti kama kitabu cha Birmingham kinavyosema plagi itakuwa nyeusi kila siku, tafuta jeti (kile kitundu cha kupitisha petroli) ndogo kidogo. Spea za Royal Enfield Bullet ndizo rahisi kuliko zote kwa sababu Wahindi walianza kuziunganisha Madras 1955 na wameendelea nazo, nyingine ni kuchongesha kwa mafundi mashine na kuomba wenzenu wa nje. Tairi za inchi 19 ziagizeni mapema, bodaboda zetu nyingi ni 17 na 18.

Chumba siyo lazima kiwe kikubwa, kiwe kikavu. Iringa tatizo ni vumbi jekundu la kiangazi, Tukuyu ni mvua isiyokata, kwa hiyo Iringa funika na shuka za pamba na Tukuyu hakikisha hewa inapita, ila popote pale usifunike na turubai la nailoni, asubuhi za baridi za Juni na Julai linatoa jasho ndani na kutu inakula usiku kucha. Tairi ziinuliwe kwenye vipande vya mbao. Petroli isilale chumbani hata tone, matanki yote matupu, betri zimetolewa, mtungi wa kuzimia moto mlangoni, hakuna sigara. Lile jumba la Birmingham nililotaja liliungua Septemba 2003, mamia ya pikipiki ziliteketea, na wao walikuwa na uwezo kuliko sisi.

Watu wa kujitolea sasa. Usitafute wapenzi wa pikipiki tu. Unahitaji mwalimu mstaafu wa kuandika na kuongea na shule, mafundi wazee, wanafunzi wa VETA wanaotaka mkono uzoee, vijana wawili watatu wa bodaboda ambao wana akili ya injini ya ajabu, na mama mmoja mkali wa hela. Zamu ziandikwe ukutani, na muanze kufungua Jumamosi tu, kwa sababu mlango uliofungwa siku mliyotangaza unawapotezea watu kuliko kutofungua kabisa. Mzee fundi msimpe kazi ya kubeba vyuma, mpeni kiti katikati na mwanafunzi pembeni yake, mkono wa mwanafunzi ufanye na mdomo wa mzee uelekeze. Chai na maandazi kwa wanaojitolea ndiyo matumizi ya kwanza kwenye bajeti, nasema kwa moyo wote.

Usajili anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mpate kikundi chenye katiba na akaunti, mkifika hatua ya kumiliki jengo au kiwanja mtazame bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kiingilio kiwe kidogo kwa wenyeji, wanafunzi bure, na wageni wanaopita kwenda Ruaha walipe zaidi kidogo, na kila shilingi iingie kwenye lipa namba ya kikundi siyo simu ya mtu. Kabla hamjafungua nendeni pale Boma ya Iringa, jengo la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho 2016, na Kalenga kwa Mkwawa, muangalie wanavyopanga maelezo na mgeni anaingiaje anatokaje.

Maelezo ya kila pikipiki yawe ya Kiswahili kwanza, mafupi, na yawe na majina ya watu wa hapa wakiridhia. Siyo "ilikuwa ya bwana shamba Mwingereza" halafu basi. Aliyeisukuma ikizama tope, aliyejifunza kuifungua kwa kumtazama tu mzungu, aliyeinunua kwa hela za pareto, aliyeifuga kwenye stoo miaka yote akikataa kuiuza kwa kilo, hao ndio wa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Na mara moja moja iwasheni, watu wanakuja kwa ajili ya mlio. M20 inawashwa nje, uwanja umezungushiwa kamba. Fungua petroli, bonyeza kidude cha juu ya kabureta mpaka ilowe, rudisha wenzo wa moto (ule wa kuwahisha au kuchelewesha cheche) nyuma, hili usilisahau maana moto ukiwa mbele kiki inarudi kwa nguvu na inavunja kifundo cha mguu. Shusha kiki polepole mpaka igome, bana wenzo wa kufungulia valvu uipitishe kidogo tu, achia, rudisha kiki juu, halafu shuka nayo kwa uzito wa mwili wote bila kuidonoa. Asiyeijua asiruhusiwe kuiendesha, gia iko mguu wa kulia na breki kushoto, kijana wa Boxer akitaka kusimama atabadilisha gia. Dakika kumi zinatosha, izimeni kwa kufunga petroli ili kabureta liishe, mwageni iliyobaki kwenye tanki, subirini injini ipoe kabisa, ndipo irudi ndani na aliyeiwasha aandike kwenye kaunta buku tarehe na jina lake.