Namna ya Kupinga Ukataji wa Viwanja Kijijini

Mashamba yanapoanza kuwekewa mawe ya mipaka ili yakatwe viwanja, wakazi wasisubiri matofali yashushwe. Kwanza, waombe kwa barua kuoneshwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kwa sababu huo ndio unaoeleza wapi ni makazi, wapi ni malisho na wapi ni chanzo cha maji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, hivyo muhtasari wa mkutano uliotoa idhini hiyo, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini, uombwe na usomwe kwa makini.

Pingamizi liwe la maandishi na litaje madhara yanayoonekana: njia ya mifugo iliyozibwa, au mashimo ya vyoo yaliyochimbwa juu ya kisima kinachotegemewa na kitongoji kizima. Kulalamikia kelele pekee hakutoshi. Baraza la Ardhi la Kijiji husuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Kata, na likishindikana huko pia, hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.