Leza ya kuondoa nywele kwenye ngozi nyeusi: hatua kwa hatua, na uongo unaokutana nao njiani

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja kwangu usiku amejitanda mtandio mpaka puani. Alipoufungua, kwenye taya zote mbili kulikuwa na mistatili midogo myeusi imepangana kama matofali ya ukuta. Siku tatu kabla alikuwa amepigwa "leza" mahali fulani hapa mjini. "Dada, waliniambia ngozi nyeusi lazima iungue kidogo ndiyo nywele zife."

Mimi ni nesi. Huu ni mwaka wangu wa saba nashika mashine ya leza kwenye kliniki ya ngozi, Dar es Salaam, na maneno hayo nimeshayasikia kwa watu wengi, kila mara kutoka kwa aliyekwisha kuungua. Haya hapa chini ndiyo niliyomwelekeza baada ya taya kupona. Nimeyaandika kwa mpangilio wa anayeanza leo.

Hatua ya 1: Hesabu miezi

Bibi harusi akija kwangu zimebaki wiki mbili, namrudisha kwa somo wake wakapike sukari na ndimu. Leza si kazi ya wiki mbili. Nywele hazikui zote kwa pamoja: nyingine zinakua, nyingine zimesimama, nyingine zinangoja kudondoka. Mwanga unaua ile inayokua tu, kwa sababu ndiyo iliyoshikana vizuri na mzizi wake. Zilizolala leo zitaamka baadaye, ndiyo maana unarudi. Kwa wengi ni vipindi sita mpaka nane, wiki nne hadi sita kati ya kimoja na kingine usoni, na zaidi kidogo miguuni. Piga hesabu mwenyewe. Ni miezi mitano hadi karibu mwaka.

Na anayekuahidi kwamba hazitarudi milele, muulize amelitoa wapi neno hilo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inawaruhusu watengenezaji kusema "kupungua kwa kudumu", yaani zinazoota baadaye ni chache na hubaki chache. Kinachohesabiwa kuondoa nywele moja kwa moja ni sindano ya umeme, inayoingizwa kwenye kila tundu la unywele. Daktari wa macho wa Marekani, Charles Michel, aliieleza mwaka 1875 kama tiba ya kope zinazochoma jicho. Ni kazi ya taratibu sana, lakini ndiyo pekee inayofaa kwa nywele nyeupe. Leza haioni mvi. Wapo wanaozipaka hina kwanza wakidhani wameipata akili. Rangi ya hina haifiki kwenye mzizi.

Hatua ya 2: Kama ni ndevu za kidevu kwa mwanamke, anza na damu

Nywele nene za kidevuni na kifuani, hedhi inayoruka miezi, chunusi zisizoisha: nenda kwa daktari wa wanawake upimwe homoni na upigwe ultrasound. Mara nyingi ni PCOS, tatizo la homoni linalohusu ovari. Leza itapunguza zilizopo, ila homoni zitaendelea kuotesha nyingine, na utakuja kusema mashine ni mbovu. Mdogo wangu alikuwa na hedhi tatu kwa mwaka na hakuna aliyemuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Usoni na shingoni, kwa baadhi ya watu, leza huamsha malaika, yaani vinyweleo laini, waliolala wakawa nywele nene. Hutokea kwa wachache, lakini watu wenye ngozi ya rangi na wanawake wenye matatizo ya homoni wamo kati ya wanaopatwa zaidi. Ndiyo sababu sipigi malaika wa shavuni hata mteja akinibembeleza.

Hatua ya 3: Ijue namba ya mashine

Hapa ndipo nilipopoteza muda mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka wa kwanza nilifundishwa kubonyeza skrini tu: chagua aina ya ngozi, chagua eneo, piga. Namba zilizoandikwa ubavuni mwa mashine hakuna aliyenieleza. Kisha mteja mmoja akarudi na muundi wenye michirizi, nami ndiye niliyempiga. Usiku ule nilikaa na kitabu cha mashine hadi alfajiri, kamusi mkononi, na nilichokielewa ndicho hiki.

Mwanga wa leza hautafuti nywele. Unatafuta weusi. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Harvard walieleza kanuni yake: chagua mwanga unaonaswa na kile unachotaka kukichoma, uupige kwa muda mfupi sana, joto liishie hapo hapo kabla halijasambaa kwa jirani. Weusi wa nywele unatokana na melanini. Melanini hiyo hiyo ndiyo inayoipa ngozi yetu rangi. Kwa hiyo kila ngozi inavyokuwa nyeusi, mwanga unanaswa juu juu kabla haujafika kwenye mzizi, na unaponaswa juu, panapoungua ni juu.

Namba ya mashine ni urefu wa wimbi la mwanga, kwa nanomita. Leza ya aina ya Alexandrite ni 755. Diode ni 808 au 810. Nd:YAG ni 1064. Namba ikiwa kubwa, melanini inaunasa mwanga kidogo zaidi na mwanga unazama zaidi. Ule usemi kwamba mtu mweusi hawezi kupigwa leza ulikuwa na maana enzi za mashine za rubi za miaka ya 1990, namba 694, ambazo kweli zilikuwa hatari kwetu. Kwa 1064 mambo ni tofauti. Kwa ngozi zetu nyingi, zile zinazoitwa aina ya tano na ya sita, mimi situmii kingine. (Kipimo hicho cha aina za ngozi, cha Fitzpatrick, kilianza 1975 kwa ngozi za Wazungu, tano na sita ziliongezwa baadaye. Sisi ni nyongeza hata kwenye kipimo.)

Sasa mitego, maana ipo.

Mtego wa kwanza: mashine iliyoandikwa 755+808+1064. Muuzaji anakuambia, "1064 ipo, usiwe na wasiwasi." Ni kweli ipo, lakini kwenye nyingi za aina hii mianga yote mitatu hutoka kwa pamoja kwenye kichwa kimoja. Ile 755 haisubiri nje. Kwa hiyo usiulize kama ina 1064. Uliza kama inaweza kupiga 1064 peke yake.

Mtego wa pili: IPL. Hii si leza kabisa, ni taa kali yenye mianga mingi mchanganyiko, ambayo hupunguzwa kwa kichujio. Matangazo huiita leza, au huipa herufi kama SHR. Alama yake ya kuungua ni mstatili, ukubwa wa kioo cha kichwa chake. Yale matofali ya mdogo wangu yalinisimulia kila kitu kabla hajafungua mdomo. Dalili nyingine: ukiwa kwenye benchi la kusubiri ukaona chini ya mlango panamulika kama radi, humo ndani kuna IPL. Mwanga wa 1064 macho hayauoni. Kinachoonekana ni kidoa cha kulengea tu.

Vifaa vya nyumbani vinavyoagizwa mtandaoni vingi ni IPL pia. Vizuri vina kihisi cha rangi ya ngozi, na kwenye ngozi nyeusi vinakataa kuwaka. Watu wananiletea wakidhani vimeharibika. Dada mmoja alikidanganya chake kwa kukigusisha kiganjani, kikawaka, kisha akakihamishia kwapani haraka. Usifanye hivyo. Kile kifaa kilikuwa na akili kuliko mimi wa mwaka wa kwanza.

Mtego wa tatu ni wangu mimi ninayeisifu 1064: inauma zaidi, na kwa nywele nyembamba ni dhaifu. Kwa ndevu, kwapa na kinena inafanya kazi nzuri. Kwa vijana wa kiume wanaotoka vipele shingoni kila wakinyolewa, ndiyo ninayoipenda kuliko mafuta yote yanayouzwa kinyozi, kwa sababu kinacholeta vile vipele ni unywele uliojipinda ukarudi kuchoma ngozi. Ukipungua unywele, vipele vinapungua. Na hata 1064 inaunguza ikishikwa vibaya: nguvu kubwa, mpigo mfupi mno, au ngozi isiyopozwa. Kichwa cha mashine kiwe cha baridi, au pawe na bomba la hewa baridi. Wakikupozea kwa kitambaa cha maji, ondoka.

Kwa ufupi, simu unayopiga kabla ya kuuliza bei ni hii: "Mashine yenu ni namba ngapi, na inapiga 1064 peke yake?" Jibu likiwa "ni ya kisasa, imetoka Ujerumani," kata simu.

Hatua ya 4: Dai jaribio, kisha usubiri

Wengi wanafanya jaribio, yaani wanapiga kidoa kidogo kwanza, wanasubiri dakika kumi na tano, wanaendelea. Kwenye ngozi nyeusi hiyo haitoshi. Wekundu kwetu hauonekani vizuri, na madhara yanaweza kujitokeza siku ya pili au baadaye zaidi. Mimi nataka saa 48 kwa uchache, na kwa uso napenda wiki moja au mbili. Jaribio lifanyike eneo lile lile litakalopigwa: chini ya taya kama ni taya. Ndani ya mkono pana rangi hafifu kuliko kidevu. Pakipona pale hapajakuambia kitu kuhusu kidevu.

Kinachotakiwa kuonekana ni vivimbe vidogo kuzunguka vinyweleo, kama ngozi iliyosisimka kwa baridi, vinavyoisha ndani ya siku moja au mbili. Malengelenge, gamba jeusi, au alama yenye umbo la kichwa cha mashine maana yake nguvu imezidi.

Halafu mkorogo. Tafadhali sema ukweli. Nitakuuliza mlango umefungwa na sitamwambia mtu. Kuna wanaojichubua makusudi kabla ya leza, wakiamini ngozi ikiwa nyeupe ndiyo salama. Mikorogo mingi ina dawa za steroidi zinazoikonda ngozi, na ngozi iliyokonda huungua na kuacha madoa kwa urahisi. Kisha kuna ubaya usioonekana haraka: mtu amepimwa akiwa amechubuka, nguvu ikawekwa kwa rangi ile, halafu akaacha mkorogo na ngozi ikarudi kuwa nyeusi kabla ya kipindi cha tatu. Aliyeko kwenye mashine akitumia kumbukumbu za faili bila kutazama uso ulio mbele yake, anaunguza. Mimi anayetumia mkorogo namwambia aache, arudi ngozi ikishatulia. Wengine hawarudi. Sawa.

Taja pia dawa unazomeza, hasa doxycycline na za chunusi, na kama una mimba. Mimba haidhuriki kwa sababu ya "miale", maana mwanga huu si wa eksrei na unaishia milimita chache ndani ya ngozi. Hauleti saratani wala haugusi kizazi. Naahirisha tu kwa kuwa si jambo la haraka.

Hatua ya 5: Nyoa kwa wembe siku moja kabla

Ndiyo, hata kidevu. Wembe haunenepeshi nywele. Usitumie nta, uzi wala kibano wiki nne kabla: ukishaung'oa mzizi, mwanga hauna cha kuchoma.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ni kama mpira wa kufungia noti unaopigwa kwenye ngozi, wa moto. Kinena kinauma kuliko kwapa. Njoo bila losheni, bila deodoranti, bila vipodozi.

Krimu ya ganzi: kidogo, eneo dogo, aliyekupa akijua. Usijipake miguu mizima ukajifunga nailoni ukiwa nyumbani. Mwaka 2007 FDA ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana huko Marekani kufanya hivyo kabla ya leza. Ganzi iliingia kwenye damu, wakapata degedege, wakafa.

Miwani ya kinga lazima, kwako na kwa anayekupiga. Nyusi chini ya mfupa wa jicho sizigusi kwa bei yoyote. Tatoo na baka jeusi huzungukwa, hazipitiwi.

Hatua ya 7: Wiki tatu baadaye

Nywele zitaonekana kama zinaota. Hapo ndipo simu zinapoanza: "Dada, umenila hela." Subiri. Zilizokufa zinasukumwa nje, na zinadondoka zenyewe ukioga na kusugua taratibu. Usizing'oe.

Siku ya kwanza na ya pili epuka maji ya moto, mazoezi ya jasho na manukato. Mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi. Ngozi nyeusi nayo inaacha madoa. Na usilipe vipindi vyote kwa mkupuo. Lipa kimoja kimoja, uone.

Mdogo wangu tulisubiri miezi mitano mpaka matofali yakafifia, homoni akaanza kutibiwa, ndipo nikampiga jaribio la 1064 chini ya taya, kidoa kimoja. Siku ya kumi na nne alinitumia picha ya pale mahali, kubwa, ya karibu, na chini yake akaandika: "Sioni kitu." Kipindi cha kwanza ni Jumamosi.