Kitabu cha kuanzia kwa mtoto apendaye visa vya majini na maajabu
Mzazi wa hapa Tanga ambaye mwanawe amefikisha umri wa kusoma riwaya na anapenda mambo ya ajabu, ningemshauri aanze na Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kwa kuwa humo msomaji hukutana na liwali mwenye huruma ambaye kila usiku hulazimika kuwachapa mijeledi manyani wawili anaowafuga, na msomaji hatatulia mpaka ajue sababu. Riwaya yake nyingine, Kusadikika, nchi iliyo angani, isubiri kidogo, maana sehemu kubwa ni hoja za barazani, ambazo, kwa maoni yangu, humchosha mtoto mapema. Lugha ikimlemea, asomewe kurasa chache kwa sauti, bila kukatizwa kila neno kwa kamusi.