Kufuma Mraba wa Kroshia wa Rangi za Kisutu kwa Ajili ya Blanketi

Blanketi la kroshia ni mkusanyiko wa miraba midogo inayofumwa mmoja mmoja na kuunganishwa mwishoni, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kulifuma kidogo kidogo baada ya alasiri bila ya kubeba mzigo wa uzi mapajani. Uzuri wake hautokani na mraba mmoja uliofumwa kwa ustadi mkubwa, bali hutokana na kulingana kwa miraba yote. Mraba uliozidi wenzake kwa sentimita moja tu utalivuta blanketi zima upande, na hakuna pasi itakayoondoa kasoro hiyo. Maelezo yanayofuata yanahusu mraba wenye ua la petali 12 katikati, na nimeyapanga kwa namna itakayomwezesha mfumaji kuhesabu na kujisahihisha katika kila mzunguko.

Mpangilio wa mraba huu unafanana na wa kanga: lipo ua la katikati ambalo ndilo mji, na upo ukingo unaolizunguka ambao ndio pindo. Nimechagua rangi tatu za kanga ya kisutu, yaani nyeusi, nyekundu na nyeupe, kwa kuwa zinatofautiana wazi na petali huonekana hata kwa mbali. Mwenye kupenda anaweza kutumia damu ya mzee badala ya nyekundu, au samawati badala ya nyeusi, mradi rangi ya mzunguko wa nne na wa tano iwe nyepesi kuliko ya petali.

Kwa hali ya hewa ya Unguja na Pemba, uzi wa pamba ndio ninaoupendelea kuliko mwingine wowote. Blanketi la huku hutumika zaidi wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, na hata wakati huo haihitajiki nguo nzito. Pamba hufyonza jasho na haimchomi mtoto mwilini. Uzi wa akriliki una bei nafuu na hukauka upesi, lakini haufyonzi jasho, na ukiguswa na pasi ya moto hulala na haurudi tena katika hali yake. Sufu ni nzito kwa huku, na ikifuliwa kwa maji ya moto hushikana na kusinyaa. Chagua uzi wa unene wa kati pamoja na sindano ya kroshia, ile yenye kulabu nchani, ya milimita 4. Utahitaji pia sindano butu ya tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi, mkasi, futi ya kupimia na pini zisizoshika kutu. Suala la pini si dogo, kwani katika hewa yetu ya chumvi pini za kawaida hupata kutu usiku mmoja tu zikiwa ndani ya uzi uliolowana, na doa la kutu kwenye pamba nyeupe halitoki kwa urahisi.

Kabla ya kununua uzi wote, nunua donge moja la kila rangi, fuma mraba mmoja, kisha uupime kwenye mizani ya jikoni. Ikiwa mraba una uzito wa gramu 10, miraba 80 itahitaji gramu 800, nawe ongeza angalau sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kuunganishia na pindo la nje. Baada ya hapo ndipo uende soko la Darajani mjini Unguja, au Chake Chake kwa aliye Pemba, na ununue uzi wote kwa mara moja, ukiangalia kwenye karatasi ya kila donge namba ya mchovyo wa rangi ili zote zilingane. Nyekundu mbili za kampuni moja zilizochovywa siku tofauti huonekana sawa dukani na hutofautiana waziwazi zinapokaa bega kwa bega kwenye blanketi. Jaribu pia nyekundu na nyeusi kama zinachuja: lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe kwa muda, kisha utazame. Uzi unaoacha rangi usitumiwe kabisa karibu na nyeupe.

Mishono inayohitajika ni michache. Pingili ni kitanzi kimoja cha mnyororo: uzi huzungushwa juu ya sindano na kuvutwa kupitia kitanzi kilichopo. Mshono wa kufungia ni kuingiza sindano mahali panapotakiwa na kuvuta uzi moja kwa moja hadi kupitia kitanzi kilichopo juu ya sindano. Mshono mfupi huanza kwa kuingiza sindano na kuvuta uzi ili vipatikane vitanzi viwili, kisha uzi huvutwa kupitia vyote viwili. Katika nguzo, uzi huzungushwa mara moja kabla ya kuingiza sindano, huvutwa ili viwe vitanzi vitatu, kisha huvutwa kupitia viwili, na tena kupitia viwili vilivyobaki. Nusu nguzo huanza vivyo hivyo, ila vitanzi vyote vitatu hupitiwa kwa mvuto mmoja. Nguzo ndefu huanza kwa kuzungusha uzi mara mbili, hivyo huwa na vitanzi vinne, na huvutwa kupitia viwili viwili mara tatu. Anayefuata michoro ya kigeni aangalie kwanza imeandikwa wapi, kwa sababu Uingereza na Marekani hutumia jina moja kwa mishono miwili yenye urefu tofauti, na mraba uliofumwa kwa kuchanganya taratibu hizo hautatoka kama ulivyokusudiwa.

Mzunguko wa kwanza ni mweusi. Funga kitanzi cha kuanzia, fuma pingili 5, kisha uziunge kwa mshono wa kufungia ili iwe pete. Fuma pingili 3, ambazo zitahesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, kisha nguzo 11 zinazoingia ndani ya pete yenyewe. Funga mzunguko kwenye pingili ya tatu ya mwanzo na ukate uzi, ukiacha ncha ya sentimita 15. Zihesabu nguzo: ni lazima ziwe 12, kwa sababu kila nafasi iliyo baina ya nguzo mbili itazaa petali moja.

Kwa mzunguko wa pili chukua uzi mwekundu na uuingize katika nafasi yoyote iliyo baina ya nguzo mbili. Hapa hufumwa vishada. Kishada ni nguzo kadhaa zinazoota mahali pamoja na kufungwa pamoja juu: kila nguzo hufumwa hadi kabla ya mvuto wake wa mwisho, kitanzi chake huachwa juu ya sindano, na nguzo zote zikishatimia uzi huvutwa kupitia vitanzi vyote kwa pamoja. Katika mzunguko huu kila nafasi hupata kishada cha nguzo 2, na baina ya vishada hufumwa pingili 1. Kishada cha kwanza huanza kwa pingili 3 badala ya nguzo moja. Ukishafunga mzunguko kwa mshono wa kufungia juu ya kishada cha kwanza, usikate uzi. Sogea hadi kwenye nafasi inayofuata kwa mshono mwingine wa kufungia, kwani mzunguko wa tatu nao ni mwekundu.

Mzunguko wa tatu ndio unaolifungua ua. Fuma kishada cha nguzo 3 katika kila nafasi, na baina ya vishada weka pingili 2. Vitanzi vya kishada viachwe virefu kidogo juu ya sindano, kwa sababu mkono ukikaza hapa petali hubanwa na kuonekana kama mafundo. Wanaoshona kofia za viua wanaujua uzito wa jambo hili: mvuto wa uzi ukiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi hutulia yenyewe. Ukimaliza, weka duara juu ya meza na ulitazame. Likilala bapa, endelea. Kama katikati pameinuka, mkono wako umekaza mno au pingili zimepungua. Kama ukingo umefanya mawimbi, mishono imezidi au umelegeza kupita kiasi. Fumua wakati huu ambapo ni mizunguko mitatu tu, wala usitarajie kwamba mzunguko wa nne utaficha kasoro.

Mzunguko wa nne, kwa uzi mweupe, hugeuza duara kuwa mraba, na ndipo wengi wanapokwama. Duara halina pembe, hivyo pembe hutengenezwa kwa tofauti ya urefu wa mishono: mirefu huwekwa pale inapotakiwa pembe na mifupi huwekwa ubavuni. Ingiza uzi katika nafasi yoyote, fuma pingili 4 zitakazohesabiwa kuwa nguzo ndefu ya kwanza, ongeza nguzo ndefu 2, pingili 2, kisha nguzo ndefu 3 nyingine katika nafasi ileile. Hiyo ni pembe ya kwanza. Katika nafasi inayofuata fuma nusu nguzo 3, na katika ile ya baada yake nusu nguzo 3 tena. Nafasi ya nne ni pembe ya pili, yenye nguzo ndefu 3, pingili 2 na nguzo ndefu 3. Endelea hivyo mpaka pembe nne zitimie, bila ya kuweka pingili baina ya mafungu, kisha funga kwenye pingili ya nne ya mwanzo. Kila ubavu sasa una mafungu manne ya mishono mitatu, yaani mishono 12, na mraba mzima una 48. Pembe zikionekana butu kidogo, usifumue: mzunguko unaofuata utazivuta.

Mzunguko wa tano unaendelea kwa uzi huohuo mweupe. Sogea kwa mishono ya kufungia hadi ndani ya pembe, kisha fuma pingili 3 badala ya nguzo ya kwanza, nguzo 2, pingili 2 na nguzo 3, zote ndani ya pembe hiyo. Ubavuni, weka nguzo 3 katika kila mwanya ulio baina ya mafungu ya mzunguko uliopita. Mianya hiyo ni mitatu kwa kila ubavu. Fanya vivyo hivyo pande zote na ufunge. Kila ubavu utakuwa na nguzo 15, na jumla yake ni 60.

Mzunguko wa sita ni pindo jeusi la mishono mifupi, mmoja juu ya kila nguzo, na katika kila pembe mshono mfupi 1, pingili 2 na mshono mfupi 1. Kila ubavu unapata mishono 17. Hesabu hii isipuuzwe hata kidogo, maana miraba huunganishwa mshono kwa mshono, na ubavu wenye mishono 16 ukikutana na wenye 17 utaacha mkunjo.

Mraba mmoja wa rangi hizi una ncha nane za uzi, na blanketi la miraba 80 lina ncha 640. Nakushauri kwa dhati uzifiche ncha za kila mraba siku hiyohiyo unapoumaliza, kwa kuzipitisha nyuma ya mishono ya rangi yake kwa upande mmoja na kuzirudisha kwa upande wa pili ili zisichomoke blanketi linapofuliwa.

Kisha mraba hunyooshwa. Kwa mkono wa wastani, mraba huu hutoka na upana wa sentimita 13 hivi. Pima miraba kadhaa ya mwanzo, uchague kipimo kimoja, na uchore mraba wa kipimo hicho juu ya kitambaa kilichotandikwa kwenye kipande cha sponji au taulo lililokunjwa, kwa wino usiotoka kwa maji. Lowesha mraba wa pamba kwa maji safi yasiyo na chumvi, ukamue taratibu bila kuupinda, ubane pembe kwanza na kisha mbavu juu ya mistari uliyochora, na uuache kivulini penye upepo mpaka ukauke kabisa. Wakati wa masika hilo linaweza kuchukua zaidi ya siku moja. Kuutoa ukiwa na unyevu ni kuualika ukungu, na mraba wenyewe hurudi kusinyaa.

Kwa kipimo cha sentimita 13, miraba 48 iliyopangwa 6 kwa 8 hutoa blanketi la mtoto la sentimita 78 kwa 104, na miraba 80 iliyopangwa 8 kwa 10 hutoa sentimita 104 kwa 130. Itandaze yote juu ya mkeka kabla ya kuunganisha, na upige picha kwa simu ili mpangilio usipotee. Weka miraba miwili nyuso zikiwa zimetazamana, na uiunge kwa mishono mifupi ya uzi mweusi, ukichukua uzi wa nje tu wa kila mshono ili kiungo kisiwe kinene. Unga kwanza safu zote za mlalo kutoka ukingo hadi ukingo, kisha za wima. Mwisho zungusha pindo la nje la mizunguko miwili ya mishono mifupi, ukiweka pingili 2 katika kila pembe kuu, na kila ufikapo kiungo cha miraba miwili fuma mshono mmoja tu juu ya kiungo chenyewe. Blanketi likishakamilika, lifue kwa maji ya baridi na sabuni laini, na ulianike kwa kulitandaza badala ya kulitundika kwenye kamba, kwa kuwa pamba iliyolowana ni nzito na hulivuta likawa refu upande mmoja.