Namna ya Kupendekeza Dutu Mpya ya Kubadili Halijoto katika Mchezo wa Chembe

Mapendekezo mengi ya dutu mpya hukataliwa mapema kwa sababu yanataja matokeo bila chanzo: dutu inayogandisha kila inachokigusa, au unga usiozimika. Anayeunda mchezo akisoma maelezo hayo hajui joto limetoka wapi wala limekwenda wapi. Isitoshe, huenda dutu ya namna hiyo tayari ipo. Katika The Powder Toy, mchezo wa kompyuta ambamo kila dutu huundwa kwa chembe ndogo kwenye skrini, kwa mfano, termiti (unga unaowaka kwa joto kali sana) na nitrojeni ya kimiminika zinapatikana. Kwa hiyo pitia kwanza orodha iliyopo, kisha utafute tabia ambayo hakuna dutu nyingine inayoionyesha.

Mfano mzuri ni asetati ya sodiamu yenye maji ndani ya fuwele zake, ambayo hutumika katika vifuko vya kupashia mikono joto. Huyeyuka kwenye nyuzi 58 za Selsiasi, lakini ikipozwa taratibu bila kuguswa na fuwele hubaki kimiminika hata kwenye joto la kawaida la chumba. Punje moja ya fuwele ikiingia, kimiminika chote huganda kwa kasi na kupanda joto kuelekea nyuzi 58. Kwa lugha ya mchezo, kanuni yaweza kuandikwa hivi: katika kila fremu, yaani kila hatua moja ya picha ya mchezo, chembe ya kimiminika ikague chembe nane zinazoizunguka; ikiwa mojawapo ni fuwele, na yenyewe iko chini ya nyuzi 58, igeuke fuwele na joto lake lipande kwa nyuzi 30.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo penye kasoro. Ikiwa kuganda kunatoa nyuzi 30 ilhali kuyeyuka hakuchukui chochote, mchezaji ataigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara na kujipatia joto la bure. Wala haitoshi kuishusha chembe nyuzi 30 inapoyeyuka, kwa maana itaangukia chini ya 58 ikiwa bado imezungukwa na fuwele, igande tena papo hapo, na skrini ianze kumetameta. Dawa yake ni kihesabu. Fuwele ikifika nyuzi 58 ibaki hapo, na kila joto linalozidi liwekwe katika sehemu ya data ya chembe kama ile iitwayo tmp, mpaka zitimie 30, ndipo iyeyuke. Ikiganda, akiba hiyo irudishwe, lakini joto lisivuke 58: kimiminika cha nyuzi 40 kitapanda kwa 18 tu, na 12 zilizosalia zibaki katika kihesabu.

Namba nyingine hazihitaji maelezo marefu. The Powder Toy huhifadhi halijoto kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza takriban 273), kuanzia 0 hadi 9999, na upitishaji wa joto hupewa thamani kati ya 0 na 255. Taja pia jina fupi lisilozidi herufi nne, rangi, na uzito ukilinganishwa na maji. Jambo moja tu lisisahauliwe: usiweke kugeuka na kurudi kwenye nukta ileile ya joto. Katika The Powder Toy maji huwa mvuke kwenye kelvini 373, lakini mvuke hurudi kuwa maji kwenye 371, na pengo hilo dogo ndilo linalozuia chembe kubadilika huku na huko katika kila fremu.

Mwisho, andika dutu yako kwa Lua, lugha ya kuandikia programu, na uijaribu kabla ya kuituma. Ifungie ndani ya kisanduku cha kihami joto, zima joto la hewa, kisha ujumlishe halijoto za chembe zote pamoja na akiba za vihesabu, kabla na baada ya kuganda. Jumla hizo mbili zikipishana sana, rudi kwenye kanuni. Zikilingana, ziambatishe kwenye pendekezo pamoja na msimbo wenyewe.