50 au 85? Jinsi ya kupima lenzi za picha za sura hapa Lamu

Nduzangu, kila mtu anasifu lenzi aliyonunua yeye, ndo maana swali la 50mm ama 85mm (urefu wa fokasi wa lenzi, namba kubwa ndo inavuta karibu zaidi) haliishi. Zipime mwenyewe, hata kama ni za kuazima, unataka tu rafiki mmoja mvumilivu na saa moja ya jioni.

Kwanza jua sensa yako, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwa ful fremu (sensa kubwa) 85 ni 85, lakini hizi miralesi (kamera zisizo na kioo ndani) ndogo za APS-C, yaani zenye sensa ndogo, unazidisha mara 1.5 (Canon ni 1.6), kwa hivyo 56mm inakupa picha kama ya 85 na ndo sababu Sigma wana ile 56mm f/1.4 (f ni upana wa tundu la lenzi, namba ndogo ndo tundu kubwa na mwanga mwingi). Ukilinganisha 50 yako ya APS-C na 50 ya mwenzio wa ful fremu mtabishana bure.

Sasa mkalishe rafiki barazani, kivulini, mlango wa nakshi uwe mbali kidogo nyuma yake. Piga na 85, halafu ukiweka 50 usisimame palepale, sogea mbele mpaka kichwa kiwe saizi ileile kwenye fremu, hapa ndo wengi wanakosea. Na utaona pua imekuwa kubwa kidogo, lakini si lenzi iliyofanya hivyo, ni wewe kusogea karibu.

Umbali ndo kesi yenyewe hapa kwetu. Fremu ya wima kwenye ful fremu, kichwa mpaka kiuno (tuseme mita 1), 85 inataka urudi kama mita 2.4 na 50 inataka 1.4. Mtu mzima amesimama, na nafasi kidogo juu na chini, 85 inafika mita 4.7 na 50 ni 2.8 tu. Nyumba zetu za mawe vyumba vyake ni vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti za mikoko, na 85 mgongo unagonga ukuta kabla hujapata magoti. Kichochoroni unaweza kurudi nyuma utakavyo lakini katikati yenu anapita punda na mzigo, wanapita watoto wa chuoni, na rafiki yako ashachoka kutabasamu.

Setingi zifanane: ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) moja, waiti balansi (mizani ya rangi) isiwe oto, fokasi kwenye jicho lililo karibu na wewe. Piga zote f/1.8, kisha f/2.8, kisha f/4. Mvalishe kofia ya viua, kwa sababu vile vitobo vya sindano vinaonyesha ukali wa lenzi kuliko ngozi. Na 85 kwa f/1.8 jicho linakata, liko wazi kabisa, lakini kofia inayeyuka kwenye ukungu, mimi napenda f/2.8 hapo.

Ufukweni Shela mchana ni habari nyingine, jua la utosini kwa f/1.8 na ISO 100 linataka shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/8000, kamera nyingi za bei nafuu zinaishia 1/4000 na picha inaungua, inakuwa nyeupe, so vaa filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) au ngoja saa kumi na moja. Na tafadhali usibadilishe lenzi mchangani na upepo ule.

Kama pesa ni ya moja tu na una ful fremu, mimi nasema 50, Sony FE 50mm f/1.8 ni gramu 186 wakati 85mm f/1.8 yao ni 371. 85 inafaa Shela, ama ukiwa ukutani kwa bahari na jahazi nyuma.

Ukishea sampo (picha za mfano) toa JPEG kama ilivyotoka, bila kulainisha ngozi, andika lenzi, f na umbali, weka picha nzima na kipande cha jicho kwa 100%. WhatsApp inabana picha, itume kama dokumenti. Na ruhusa omba mara mbili, ya kupiga na ya kuweka mtandaoni, hasa kwa kina mama, akighairi baada ya kujiona ifute mbele yake. Ukikosa mtu kabisa, paka wa mjini ana masharubu na macho ya kutosha kupima ukali.