Jinsi ya Kuandaa Mbio za Ramani na Dira za Mwisho wa Wiki kwa Skauti, Familia na Washindani

Mbio za ramani na dira, ambazo wengi wanazijua kwa jina la orientiringi, zina kanuni nyepesi kueleza: mshiriki hupewa ramani iliyowekewa vituo kwa rangi ya zambarau, huvitafuta kimoja baada ya kingine kwa njia anayoichagua mwenyewe, na anayemaliza kwa muda mfupi zaidi bila kuruka kituo ndiye mshindi. Kazi nzito iko kwa mwandaaji, hasa anapotaka siku hizo mbili zimfae mtoto wa miaka 7 aliyeshikana mkono na mama yake, skauti wa miaka 13, na mkimbiaji anayeshindana kila msimu. Nimepanga mizunguko, yaani njia za mbio zenye vituo vyake, ya namna hiyo mara nyingi, na jambo ninalomsisitizia kila mwandaaji mpya ni kwamba ugumu wa mchezo huu unapaswa kuwa njiani, baina ya kituo na kituo, wala si kwenye bendera ya kituo iliyofichwa.

Skauti si wageni katika mchezo huu. Ernst Killander, afisa wa jeshi na kiongozi wa skauti nchini Uswidi, ndiye aliyeandaa mashindano makubwa karibu na Stockholm mwaka 1919, akitaka kuwarudisha vijana katika riadha. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianzishwa mwaka 1961, na vipimo vingi nitakavyovitaja vinatokana na kanuni zake.

Hatua ya 1: Ruhusa na ramani

Anza na mwenye ardhi kabla ya kuchora mstari wowote. Muulize ni wapi hataki watu wapite, iwe ni penye miche michanga, mifugo au ndege wanaotaga, kisha sehemu hizo uziweke kwenye ramani kama maeneo yaliyokatazwa, kwa sababu katazo lililotangazwa kwa mdomo asubuhi husahaulika mtu anapoanza kukimbia.

Ramani ya kawaida ya serikali haitoshi. Unahitaji ramani ya mchezo wenyewe, ambayo kwa matukio ya namna hii mara nyingi huwa na kipimio cha 1:10,000, yaani sm 1 kwenye karatasi ni m 100 ardhini, na mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, iliyopishana kwa kimo cha m 5. Mistari yake ya kaskazini hufuata kaskazini ya sumaku, hivyo mshiriki hahitaji kufanya hesabu yoyote ya kusahihisha dira. Rangi ndizo zinazowachanganya wageni: nyeupe ni msitu unaopitika kwa mbio, manjano ni eneo la wazi, na kijani huonyesha uoto mnene unaozidi kuwa mgumu kupita kadiri rangi inavyokolea. Nimewaona watu wazima wakitafuta uwanja wa wazi kwenye eneo jeupe kwa dakika nyingi, kwa hiyo jambo hili lielezwe mapema na kwa kila mtu.

Kama eneo lako halina ramani, au iliyopo imezeeka, programu ya OpenOrienteering Mapper inapatikana bure na inatosha kabisa kwa kuchora na kurekebisha. Tembea na ramani hiyo mkononi kabla ya kupanga chochote, kwa sababu uzio mpya au kijia kilichofunikwa na majani huweza kuuharibu mzunguko mzima wa watoto.

Hatua ya 2: Mizunguko mitatu juu ya ramani moja

Hapa ndipo mwandaaji anapopaswa kutumia muda wake mwingi, na ushauri wangu ni kwamba aanze na mzunguko wa familia. Waandaaji wengi huanza na ule wa washindani kwa kuwa unavutia kuupanga, kisha familia hupewa makombo yaliyobaki. Mshindani atakayekutana na kipande kibaya cha njia atanung'unika na kurudi mwaka ujao, lakini mtoto aliyepotea katika kipande chake cha pili harudi.

Mzunguko wa familia uwe na urefu wa kilomita 2 hivi, ukipimwa kwa mistari iliyonyooka kutoka kituo hadi kituo, na ufuate vijia mwanzo hadi mwisho. Weka kituo kila mahali ambapo familia italazimika kuamua ielekee upande gani. Njia panda yenye bendera humwambia mtoto kwamba amefika mahali sahihi, kisha humwachia uamuzi mmoja tu hadi kituo kinachofuata. Ukiacha njia panda mbili kati ya vituo viwili, tayari umempa maamuzi mawili, na kosa la kwanza hataligundua hadi la pili limpeleke mbali. Usihofu kwamba mzunguko huu ni rahisi mno, kwa maana kwa mtoto wa miaka 7 kuisoma njia panda moja kwa usahihi ni ushindi kamili.

Kwa skauti, kilomita 3 hadi 4 zinatosha, na hapa waache njia kidogo kidogo. Chukua mfano wa jabali lililo m 50 kutoka kwenye kijia. Skauti hufuata kijia hadi pale kinapopinda, hushika mwelekeo kwa dira, kisha huingia msituni. Na kwa kuwa umechagua jabali lenye kijito nyuma yake, akipitiliza atakutana na maji na atajua kwamba amekwenda mbali mno. Kila kipande cha skauti kiwe na vitu hivyo vitatu: kitu cha mstari cha kufuata, mahali dhahiri pa kuanzia msako, na kitu cha nyuma cha kumzuia.

Washindani ndio wanaoondolewa msaada huo. Wape vipande virefu ambavyo njia ya kulia huzunguka kilima na ya kushoto hupanda juu yake, ili waamue wakiwa mbioni, na uweke vituo kwenye vibonde na migongo ya vilima inayosomeka kwa kontua pekee. Kanuni hutaka mpando wote usizidi asilimia 4 ya urefu wa njia bora, yaani m 240 kwa kilomita 6. Epuka pia kipande kinachomlazimu mkimbiaji kuondoka kituoni kwa njia ileile aliyojia, kwa sababu anayetoka humwonyesha anayeingia mahali bendera ilipo.

Mizunguko hii inaweza kutumia bendera zilezile, na kwa mpangilio mzuri bendera 20 au 25 zinatosha tukio zima. Programu ya Purple Pen, ambayo nayo ni ya bure, itakuonyesha vituo vyote pamoja na kila mzunguko peke yake. Namba za vituo huanzia 31, ili zisichanganywe na mpangilio wa vituo kwenye mzunguko, na namba kama 66, 68, 86, 89, 98 na 99 hazitumiki kabisa kwa kuwa zikigeuzwa juu chini husomeka kama namba nyingine. Vituo visikaribiane kwa chini ya m 30, na kama viko kwenye vitu vinavyofanana, basi m 60.

Hatua ya 3: Kuvithibitisha vituo ardhini

Kila kituo kitembelewe na mpangaji, afunge utepe wenye namba mahali hasa bendera itakaponing'inizwa, kisha mtu wa pili aende peke yake bila kuonyeshwa. Nalisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga utepe kwenye jabali lililokuwa m 40 magharibi ya jabali lililochorwa, kwa sababu nilifika nimechoka na nikaliamini la kwanza nililoliona. Siku ya mbio bendera ilifuata utepe wangu. Washindani wa mwanzo walilizunguka jabali sahihi wakipoteza dakika baada ya dakika, na waliofuata wakaipata bendera kwa kufuata majani yaliyokwisha kukanyagwa. Ilitulazimu kuyafuta matokeo ya mzunguko ule wote, na watu waliokimbia vizuri wakaondoka bila nafasi waliyostahili. Tangu siku hiyo simruhusu mkaguzi atembee nami. Hupewa ramani na dira, na akishindwa kuupata utepe, kituo huhamishwa au hufutwa.

Bendera yenyewe ina pande tatu za mraba wa sm 30, nusu nyeupe na nusu ya rangi ya machungwa. Ining'inizwe ili aliyekifikia kitu kilichotajwa aione bila kupekua vichaka. Anayesoma ramani vizuri asishindwe na aliyebahatika.

Hatua ya 4: Kuchapisha ramani

Mashine nyingi za kuchapa hupunguza ukurasa zenyewe ili utoshe kwenye karatasi, na ramani ikipungua hata kidogo kipimio chake huwa uongo. Chagua asilimia 100, kisha pima kwa rula: mstari wa kipimio wa kilomita 1 lazima uwe sm 10 kamili kwenye ramani ya 1:10,000. Tumia karatasi isiyoloa au mfuko wa plastiki. Pale duara la kituo linapofunika njia panda au jabali dogo, likate kidogo ili kilicho chini kionekane. Washindani hupewa maelezo ya vituo kwa alama za kimataifa, ilhali familia ziandikiwe kwa maneno, kwa mfano "njia panda" au "pembe ya uzio".

Hatua ya 5: Kuhakikisha kila aliyeingia ametoka

Kila mshiriki, hata mtoto anayebebwa mgongoni, aandikwe kwenye orodha ya mwanzo, na orodha hiyo ilinganishwe na ya mwisho. Tangaza kwa msisitizo kwamba anayeacha mbio njiani ni lazima apite mwisho na kujiandikisha, kwa kuwa asipofanya hivyo watu watamtafuta usiku kucha naye amelala kitandani kwake. Kila mmoja awe na filimbi, na afundishwe ishara ya kuomba msaada ya kupuliza mara 6 ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia. Chagua pia mwelekeo mmoja wa usalama, kwa mfano mashariki hadi barabarani, ambao mtu aliyepotea kabisa anaweza kuufuata kwa dira tu, na uuchapishe kwenye ramani pamoja na saa ya kufunga mizunguko.

Hatua ya 6: Somo la dakika kumi

Wapya wasipewe mhadhara. Chukua watano au sita, simameni mahali pa mwanzo, na umwombe kila mmoja ashike ramani mbele ya kifua chake. Mwambie aigeuze ramani, si mwili wake, hadi mistari ya kaskazini ilingane na sindano nyekundu ya dira. Hapo kijia kilicho kulia kwake ardhini kitakuwa kulia kwake kwenye karatasi pia, na utayaona macho ya mtoto yakienda kwenye kijia, yakirudi kwenye ramani, kisha yakienda tena kwenye kijia. Subiri kidogo, usiseme neno. Halafu mwonyeshe namna ya kuweka kidole gumba pembeni mwa pembetatu inayoonyesha mwanzo kwenye ramani na kukisogeza kila anapopita kitu anachokitambua, ili asilazimike kuitafuta ramani nzima kila anaposimama. Twende naye hadi kituo cha kwanza, atoboe mwenyewe kadi yake ya kuthibitisha kwamba amefika, kisha tumwache.

Hatua ya 7: Siku mbili zenyewe

Jumamosi napendelea mbio za pointi, ambamo wote huondoka pamoja, hukusanya vituo wavitakavyo kwa dakika 60, na hupunguziwa pointi kwa kila dakika ya kuchelewa. Skauti wakiwa wawili wawili au watatu watatu hujifunza kupanga na kukubaliana, na familia hazihisi kuachwa nyuma. Jumapili iwe ya mizunguko kamili, washindani wakiachiana dakika 2 ili wasifuatane, na familia zikiondoka wakati wowote zinapokuwa tayari.

Matokeo yabandikwe yanapopatikana, hata kwa kalamu, kwa kuwa watu hubaki na kusimuliana njia walizochagua wakiwa na muda wao mbele ya macho. Saa ya kufunga ikifika, linganisha orodha mbili jina kwa jina. Bendera zisianze kukusanywa hadi jina la mwisho limepatikana.